Vita Vimekwisha, Mbona Hawarudi?

Ukitaka kuwagombanisha wazee kwenye kijiwe cha kahawa hapa Tabora, waulize Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, viliisha lini. Mmoja atakuambia 11 Aprili 1979, siku Kampala ilipoanguka. Mwingine, hasa aliyewahi kuvaa gwanda, atamkatiza: ni 3 Juni 1979, majeshi yetu yalipofika mpaka wa Uganda na Sudan yakakosa mtu wa kumfukuza. Wote wawili wako sahihi. Baba yangu mdogo, anayeishi Ipuli na ambaye magoti hayamruhusu tena kwenda kijiweni kila siku, ana tarehe yake. Kwake vita viliisha Mei 1981, usiku aliposhuka kwenye treni ya Mwanza katika stesheni ya Tabora, begani ana begi moja na blanketi lililofungwa kwa kamba.

Kati ya tarehe za wale wazee na tarehe yake kuna miaka miwili. Shuleni tulifundishwa uwezo, sababu na nia, maneno ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza vita. Tulikaririshwa Mutukula, Masaka, Lukaya, Entebbe, Kampala. Kisha somo likaruka moja kwa moja hadi kwenye hali ngumu ya uchumi, kana kwamba siku Amin alipokimbia kila askari alipanda lori akarudi kwao. Haikuwa hivyo. Vita vilipopamba moto tulikuwa na askari wanaokaribia elfu 45 ndani ya Uganda. Walipunguzwa kidogo kidogo, na uchaguzi mkuu wa Uganda wa Desemba 1980 uliwakuta kiasi cha elfu 10 bado wako lindoni. Watu hao walikuwa wanafanya nini huko? Walikuwa chini ya nani? Kwa nini hawakurudi? Nimekulia katika nyumba ambayo maswali haya yaliulizwa kila jioni, na naona majibu yake yamechanganywa mno na sifa za ushindi kwa upande mmoja na uvumi kwa upande mwingine. Nitajaribu kuyachambua.

Tuanze na jeshi la Amin. Halikusalimu amri, liliyeyuka. Hapakuwa na meza ambapo jenerali mmoja alimkabidhi mwenzake bastola na orodha ya vikosi. Askari wake walivua magwanda, wengine wakavuka kwenda Sudan na Zaire na bunduki zao. Polisi hawakuonekana vituoni. Maduka ya Kampala yaliporwa ndani ya siku chache. Kule Moroto, kaskazini mashariki, ghala la silaha la kambi lilibaki halina mwenyewe, na wafugaji wa Karamoja wakajichukulia bunduki. Wizi wa ng'ombe uliozoeleka kwa mikuki ukawa wa risasi, na mwaka uliofuata njaa ikaingia humo humo.

Waganda waliopigana pamoja nasi walikuwepo: Kikosi Maalum cha watu wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na FRONASA, kundi la wapiganaji la Yoweri Museveni. Lakini walikuwa wachache mno kuilinda nchi nzima, na ushindi ulipopatikana kila upande ulikimbilia kuandikisha vijana wake. Likazaliwa jeshi jipya, UNLA, jina moja na mioyo kadhaa. Kuliachia jeshi la namna hiyo nchi iliyojaa bunduki za bure kulikuwa ni kuondoka huku nyumba inawaka.

Juu ya hilo kulikuwa na siasa. Yusuf Lule, aliyechaguliwa na wapinzani wa Amin kwenye mkutano wao wa Moshi wa Machi 1979, alikaa madarakani siku 68 tu. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Ikashika Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga, kisha Desemba 1980 Obote akarudi kwa uchaguzi ambao wapinzani wake waliukataa. Maana yake ni kwamba askari wetu walibaki lindoni wale wale, mti wa kizuizi ule ule, wakati serikali waliyokuwa wakiilinda ilibadilika mara tatu. Baba mdogo anasema alisikia habari ya kuanguka kwa Lule kwa dereva wa lori la ndizi, kabla ya kuisikia kwa kamanda wake. Watu wa Kampala walipoingia barabarani kupinga kuondolewa kwa Lule, aliyekutana nao uso kwa uso akiwa na bunduki alikuwa Mtanzania, kijana wa Nzega au Songea asiyemjua Lule wala Binaisa.

Na hapakuwa na kofia za buluu. Wengi wanaposikia askari kulinda amani nje ya nchi wanafikiria Umoja wa Mataifa, posho za dola na ndege nyeupe. Uganda ya 1979 haikuwa hivyo hata kidogo. Majeshi yetu yalikuwa pale kwa makubaliano ya serikali mbili, na wakuu wengine wa Afrika hawakulipenda jambo hilo. Kwenye kikao cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika kilichofanyika Monrovia Julai 1979, Rais Nimeiri wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania waziwazi kwa kuingia nchi ya jirani na kuiangusha serikali yake. Mwalimu Nyerere alibanwa pande mbili. Akiwaondoa askari, Waganda watauana. Akiwaacha, ataitwa mvamizi, na gharama zitaendelea kuimeza nchi ambayo tayari ilitumia kiasi cha dola milioni 500 kwa vita hivyo, katika mwaka ambao bei ya mafuta duniani ilipanda vibaya.

Hizo ndizo sababu za juu. Sasa nishuke barabarani, kwenye kizuizi, ambako ndiko miaka miwili hiyo ilikoishi.

Baba mdogo alipangwa Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, pale pale penye bwawa ambapo Machi 1979 walipigana na jeshi la Amin lililosaidiwa na Walibya. Fikiria: unapigania kipande cha barabara unapoteza wenzako, halafu unaambiwa ubaki ukilinde kipande hicho hicho mwaka mzima, huku mafunjo yanaota juu ya mashimo ya mizinga.

Kizuizi chenyewe anakieleza kama fundi anavyoeleza kabati alilolitengeneza. Kilikuwa mti wa mkaratusi uliolazwa juu ya panda mbili. Upande mmoja walifunga mawe kwa vipande vya mnyororo wa kifaru kilichoungua, ili mti unyanyuke kwa mkono mmoja. Upande wa pili walining'iniza kopo la maziwa ya unga lililopakwa rangi nyekundu, madereva walione usiku. Palikuwa na kibanda cha majani ya migomba, benchi, na daftari la shule lenye mistari ambamo koplo aliandika namba ya gari, limetoka wapi, limebeba nini. Baba mdogo ndiye aliyekuwa koplo huyo. Watu kumi, zamu za saa nne nne, mchana na usiku.

Kutoka Masaka yalikuja malori ya matoke, mikungu imepangwa hadi juu ya bodi, na juu yake abiria wamekaa. Chini ya mikungu kunaweza kuwa na bunduki. Kunaweza pia kuwa na magunia ya kahawa, na kahawa kipindi hicho ilikuwa fedha yenyewe, ikivushwa kwa magendo kwenda nchi za jirani ambako bei ilikuwa ya maana. Neno hilo magendo Waganda walilitumia kila siku, kama walivyotumia mafutamingi kwa wale waliotajirika kwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa. Askari walipewa chuma chembamba cha kuchomea magunia. Ukikichoma kikagonga kitu kigumu, abiria wote wanashuka.

"Nilifundishwa kushambulia handaki," aliniambia, "sikufundishwa kumkagua mama mjamzito."

Sentensi hiyo nimeifikiria sana, maana ndani yake kuna ugumu wote wa kazi hiyo. Jioni moja alishuka mwanamke mwenye tumbo kubwa, na askari mmoja kijana akadai tumbo lile si la mtoto, limefungwa kahawa. Mwanamke akalia. Abiria wakaanza kunung'unika kwa Kiganda, lugha ambayo hakuna hata mmoja kizuizini aliyeielewa. Watu arobaini upande mmoja, bunduki tatu upande mwingine, na giza linaingia. Baba mdogo anasema aliogopa kuliko siku ya mizinga, kwa sababu siku ya mizinga adui alikuwa anajulikana. Alichofanya ni kumtuma mtu sokoni akamwite mama mmoja muuza samaki, mtu mzima, wanayemfahamu kwa sura. Yule mama akamchukua mwanamke nyuma ya kibanda, akarudi baada ya dakika mbili, akatikisa kichwa na kusema neno moja: mtoto. Lori likaondoka.

Kuanzia siku hiyo yule mama akawa mkaguzi wa wanawake pale Lukaya. Hakuandikwa popote wala hakulipwa mshahara. Walimpa sabuni na chumvi zilipokuwepo, naye aliwauzia sato kwa bei ya mtu na jirani yake. Utaratibu huo haukutoka makao makuu. Ulitoka kwenye akili ya koplo aliyekwama, na nina hakika kila kizuizi kilikuwa na wa kwake, mzuri au mbaya, kutegemea nani alikuwa koplo.

Lugha nayo ilikuwa jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Sisi huona fahari kwamba Kiswahili kilivuka mpaka na jeshi letu. Kwa Waganda wa kusini hali ilikuwa tofauti. Tangu ukoloni Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kambi na polisi. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na askari wake walikitumia kuamrisha, kutukana na kuwatia watu kwenye buti za magari. Mtu akigongewa mlango usiku kwa Kiswahili, alijua hatarudi. Ndipo wanakuja askari wengine, nao wanazungumza lugha ile ile, ila wanasema "shikamoo mzee", "samahani mama", "naomba maji ya kunywa". Baba mdogo anakumbuka mzee mmoja aliyesikia shikamoo akabaki amesimama, mikono bado iko juu, hajui aishushe au aiache. Ilibidi waende na mwalimu wa shule amweleze kwamba ile ni salamu, na kwamba jibu lake ni marahaba.

Watu waliwaita bakombozi, kwa Kiganda chao, yaani wakombozi. Mizinga yetu waliiita saba saba, na jina hilo bado linajulikana kwa wazee wa huko. Hadi leo jeshi la Uganda linasema afande, neno lililotoka kwa Waturuki likapitia kwa askari wa Kisudani likafika kwetu sote.

Kisa cha posho nakipenda zaidi. Kwetu posho ni fedha ya kujikimu. Uganda posho ni ugali. Mwezi mmoja malipo yalichelewa, na askari pale kizuizini wakawa wanalalamika kutwa: posho haijaja, posho haijaja. Mfanyabiashara mmoja wa Masaka aliyekuwa akipita kila juma aliwasikia. Safari iliyofuata akashusha gunia zima la unga wa mahindi, akasema haiwezekani watu waliowakomboa walale na njaa. Hawakuwa na njaa, walitaka fedha wanunue sigara na stempu. Lakini watoto wa Kinyamwezi waliokuwa wamelishwa matoke miezi kadhaa, chakula laini ambacho wao walikiona hakikai tumboni, hawakumrekebisha. Walisonga ugali usiku ule ule. Nyumbani kwake Ipuli, baba mdogo hadi leo akitaka ugali husema, "Mama, posho iko tayari?"

Nisiyapambe mambo. Kuna methali yetu kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni mwenye bunduki unampaje jembe? Kufikia 1980 ukarimu ulikuwa umepungua. Wapo askari wetu waliokuwa wakichukua bia bila kulipa, waliopokonya watu saa na redio, walioshiriki magendo waliyotumwa kuyazuia. Wapo waliotumia bunduki kuiba. Usiku Kampala ulijaa milio ya risasi, watu waliuawa majumbani, na mara nyingi hakuna aliyejua muuaji ni askari wa zamani wa Amin, ni UNLA, ni jambazi wa kawaida au ni mmoja wetu. Kila mwenye gwanda akawa mtuhumiwa. Baba mdogo halifichi hili. Anasema kijana aliyekaa mwaka mzima bila likizo, bila kujua atarudi lini, na mfukoni hana kitu ila bunduki, ni hatari hata kama alipitia Mutukula kama shujaa. Naamini ana haki ya kusema hivyo. Naamini pia kwamba Mganda aliyeporwa hana wajibu wa kuuelewa uchovu wa aliyempora.

Upande mwingine wa mizani ni West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, eneo la kwao Amin. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin waliingia kutoka Sudan na kushika miji ya huko, na UNLA ilipoirudisha ililipiza kisasi kwa raia, ikiwaona wote kuwa ndugu wa Amin. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Katika sehemu hizo raia walimkimbilia Mtanzania wamkimbie Mganda mwenzao. Kwa hiyo swali la kama askari wetu walipendwa au walichukiwa halina jibu moja, linategemea unauliza wapi na mwezi gani.

Mapenzi yalikuwepo, bila shaka. Wapo waliooa kwa posa na mahari, wakaja na wake zao, na hapa Tabora najua nyumba mbili ambazo bibi wa nyumba alizaliwa Masaka. Wapo pia walioacha watoto ambao baba yao ni jina la kwanza tu na neno Tanzania. Halafu ukaja ugonjwa. Mwaka 1982 watu wa Rakai nchini Uganda, kule Kasensero ufukweni mwa ziwa, walianza kukonda na kufa, na mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera. Bukoba waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiingia kwa magendo kutoka Uganda. Haikuchukua muda watu wakaanza kuwanyooshea kidole wanajeshi waliorudi, na hapa Tabora wapo wajane waliotengwa kwa sababu tu mume alikuwa Uganda. Utafiti wa vinasaba umeonyesha tangu hapo kwamba virusi hivyo vilianza kusambaa miongo mingi kabla, kutoka upande wa Kongo. Vita viliongeza misafara, ukahaba na watu wasio na makazi, vikaharakisha kilichokuwa njiani. Lakini njia hizo hizo zilipitwa na madereva wa malori na wachuuzi wa magendo, na jina lenyewe Juliana linakuambia wananchi walikuwa wanaona nini. Kumtwika koplo mmoja mzigo huo ni dhuluma.

Nyumbani nako kulikuwa na vita vyake. Tuwatenganishe kwanza mgambo na askari wa kudumu, maana watu huwachanganya. Mwishoni mwa 1978 jeshi, lililokuwa na watu wasiofika elfu 40, lilipanuliwa haraka likapita laki moja kwa kuongeza mgambo, JKT, polisi na magereza. Vijana walitoka Urambo, Sikonge na Igunga wameacha miche ya tumbaku kitaluni. Mgambo wengi walirudishwa uraiani baada ya ushindi, wakawahi msimu. Askari wa kudumu ndio waliobaki. Kijijini jambo hilo lilileta maneno: mwana wa fulani karudi, wako yuko wapi? Mama mdogo aliambiwa kwa miezi kadhaa kwamba mumewe amekufa na wakubwa wanaficha, au ameoa Kampala.

Barua zilichukua wiki nyingi. Kilichosaidia ni kisomo cha watu wazima cha miaka ya 1970, kwa sababu mama mdogo alijifunza kusoma chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina, na barua za kwanza alizowahi kuandika maishani mwake zilikwenda Uganda. Amezihifadhi za kwake mume, naye mume alizihifadhi za kwake mke, na ukizipanga pamoja utaona jinsi maswali na majibu yanavyopishana. Anauliza habari za mvua ya Desemba, anajibiwa Machi. Yeye anaandika sabuni hakuna, sukari hakuna, foleni ya duka la ushirika inaanza alfajiri. Mumewe anaandika kwamba hata huko hakuna. Taifa lilikuwa limeambiwa lifunge mikanda kwa miezi 18. Katika barua moja mama mdogo amehesabu miezi hiyo kwa vijistari pembeni, akavuka kumi na nane, akaendelea hadi ukingo wa karatasi.

Mkoa huu ulikuwa umelijua tangu zamani jambo hilo la vita kwisha na askari wasirudi. Kambi ya jeshi ya hapa mjini iliitwa Kalewa mpaka miaka ya mwanzo ya uhuru, na Kalewa ni mji wa Burma, kando ya mto Chindwin, ambao askari wa Afrika Mashariki waliufikia Desemba 1944. Wale nao waliona Mjapani amesalimu amri Agosti 1945, kisha wakakaa kungoja meli, wengine hadi mwaka uliofuata. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na meno ya tembo walikuwa na nyimbo za kurudi nyumbani. Askari wa kituoni hana hata wimbo huo, kwa kuwa hajaambiwa safari inaanza lini.

Hapo ndipo tofauti na leo inapoonekana. Vijana wetu waliokwenda Darfur, Lebanon, au Kongo kwenye kikosi cha kujibu mashambulizi kilichoidhinishwa mwaka 2013, wanakwenda kwa zamu inayojulikana, kwa kawaida mwaka mmoja hivi, na wana simu mkononi. Hatari haijapungua: 7 Desemba 2017 tulipoteza askari wasiopungua 14 kwa shambulio moja kule Semuliki, Kivu Kaskazini. Lakini mke anajua mwezi wa kurudi, na anaweza kuona uso wa mumewe jioni. Askari wa 1979 hakuwa na tarehe. Ukiniuliza ni nini hasa kiliwachosha, nitakuambia ni hicho, kuliko chakula, kuliko risasi za usiku.

Walipoondoka hawakuondoka siku moja. Baada ya uchaguzi wa 1980 vikosi viliendelea kupunguzwa, wakabaki wakufunzi wa kulijenga jeshi jipya la Uganda. Tarehe 6 Februari 1981 Museveni na wenzake walipovamia kambi ya Kabamba kuanzisha vita vya msituni, waliwakuta humo wakufunzi wa Kitanzania. Watu waliopigana upande mmoja miaka miwili nyuma wakajikuta wanatazamana kwenye mtutu. Miezi michache baadaye wengi wa waliobaki walirudi, na vita vile vya msituni vikaendelea hadi Museveni alipoingia Kampala Januari 1986. Wapo wanaosema kwa hiyo kukaa kwetu hakukuzaa kitu. Siafiki. Miaka miwili ya watu kulala majumbani mwao Lukaya ni miaka miwili, hata kama mwaka wa tatu uliharibika. Nakubali tu kwamba jeshi la wageni haliwezi kuwaamulia wenyeji nani awatawale, na tulipolikaribia jambo hilo tuliharibu jina tulilolipata kwa damu.

Baba mdogo alikabidhi daftari la kizuizi kwa luteni wa UNLA. Anasema alilikabidhi kwa kulisoma ukurasa kwa ukurasa, magari yote, na yule luteni alichoka akaketi kwenye benchi. Yule mama muuza samaki alikuja na sato watatu waliokaushwa, wamefungwa kwenye majani ya migomba. Wawili waliliwa njiani, kwenye meli ya kutoka Bukoba kwenda Mwanza. Wa tatu alifika Tabora, akachemshwa kwa nyanya usiku ule ule, na binamu yangu aliyekuwa na miaka mitano alikataa kumla kwa sababu ameletwa na mtu asiyemjua.

Mwaka jana nilimpeleka Sikonge kwenye msiba. Njiani kuna kizuizi cha mazao ya misitu, mti umelazwa juu ya panda mbili, kijana wa miaka ishirini hivi ameushika kamba. Dereva alikuwa anatafuta karatasi. Baba mdogo alifungua mlango, akashuka na fimbo yake taratibu, akaenda kumpa yule kijana mkono. Akauliza zamu yake inaisha saa ngapi, amekula, na kama usiku wanapata mtu wa kumpokea. Kijana akajibu yote kwa heshima, huku ananitazama mimi dirishani kutaka kujua huyu mzee ni nani. Baba mdogo akaugusa mti, akauangalia upande wa jiwe, akamwambia limefungwa karibu mno, alisogeze nje kidogo, utanyanyuka kwa mkono mmoja.